Herufi Zilizozoea Msiba

Kwa miaka mingi, watu wa Kyela walijua kuna kifo kabla hawajasoma jina la marehemu. Karatasi ikionekana kwa mbali, kwenye mlango wa kanisa au kwenye nguzo ya soko, kofia zilivuliwa na akina mama walishika vifua, hata kama mwenye kuona hakujua kusoma. Kazi hiyo ilifanywa na herufi zenyewe. Zilikuwa pana na za mviringo, zimeachiana nafasi kama watu walioketi mkekani bila kugusana magoti, na kila moja ilisimama juu ya vijiguu viwili vidogo. Matangazo ya msiba kutoka mjini hadi kando ya ziwa yaliandikwa kwa herufi hizo, kwa kuwa yote yalitoka kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa ya Mchapaji.

Jina lake lipo, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Mchungaji alimwita Mchapaji, wauza samaki walimwita Mchapaji, na mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Mchapaji, leo tunakula nini?"

"Karatasi," anajibiwa, bila kugeuziwa uso.

Mimi ni mwuza vyungu. Navichukua Ikombe kwa akina mama wanaovifinyanga, navivusha kwa mtumbwi hadi Lyulilo, na vingine navipandisha mjini. Kazi hii inamfundisha mtu kuhesabu mara mbili, wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, maana ziwa nalo huwa linatoza ushuru wake. Kwa Mchapaji niliingia kwa sababu ya mvua. Vyungu vyangu vilikuwa kwenye toroli, na vyenyewe havikuwa na hofu ya mvua. Mwenye hofu nilikuwa mimi.

"Mugonile, mama," nikasalimia.

"Ndaga. Kanyaga hapo kwenye gunia, usinilowanishie sakafu. Unauza nini?"

"Vyungu."

"Vingapi?"

"Kumi na tisa."

Akachungulia nje. "Naona kumi na nane."

Nikatoka kwenye mvua, nikahesabu. Kumi na tisa. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi na tisa. Niliporudi ndani maji yalikuwa yananitiririka hadi kwenye soli, naye alikuwa ameegemea kiti akicheka hadi miwani imeteremka puani.

"Nilitaka tu kujua wewe ni mtu wa namna gani," akasema. "Kaa. Mtu wa kuhesabu mara mbili nitaelewana naye."

Kukaa chumbani mwake mvua ikinyesha kulikuwa kama kukaa chini ya maji. Bati lilinguruma hivi kwamba maneno hayakusikika. Dirishani iliingia harufu ya kakao iliyoanuliwa haraka na majirani ikiwa haijakauka vizuri. Mwanga ulikuwa ule wa skrini, basi. Yeye aliandika neno moja, kisha akalibadilisha herufi, na kulibadilisha tena, bila haraka, na mimi nilitazama. Siku ile neno lilikuwa "mvua". Ikaja mvua nyembamba, ikaja mvua nene, mvua iliyolala upande, mvua yenye mikia, mvua iliyokaa kama imechongwa kwenye mbao. Zilikuja na kupita kama wale samaki wadogo wa rangi unaowaona kwenye mawe ya Matema maji yakiwa yametulia. Mvua ilipokatika nilishtuka kama mtu aliyeamshwa. Nilikuwa nimekaa pale saa mbili.

Vijana wa steshenari nyingine wanaziita fonti. Yeye alisema herufi, na siku akiwa na furaha alisema watoto. Alikuwa nazo kwenye folda yao moja ndani ya kompyuta, kila moja na faili lake, na siku moja nilimwomba anionyeshe zote ili nizihesabu. Nikapata mia mbili na kumi na mbili. Mara ya pili nikapata mia mbili na kumi na moja.

"Moja imejificha," nikasema.

"Haijajificha. Umeipita kwa sababu ni mbaya."

Alikuwa na ukali wake juu ya wingi huo. Kila mwaka, watu wakiwa mashambani wanavuna mpunga na wateja wamepungua, alifungua folda ile na kupitia herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. "Kompyuta ikiwaka inaziamsha zote," aliniambia. "Mia mbili! Mama mwenye watoto kumi tu anachelewa kuivisha chai." Herufi iliyopitisha mwaka bila kazi aliiondoa. Ila kuifuta alishindwa. Aliihamishia kwenye folda nyingine aliyoipa jina Mapumzikoni, na nikimwuliza kwa nini asifute kabisa, alikuwa ananiangalia kama nimemshauri atupe mtoto.

Kwa binadamu hakuwa na Mapumzikoni. Kijana mmoja alikuja na kadi ya mchango wa harusi, anataka herufi za mwandiko wa mkono zilizosokotana kama mizizi.

"Hizi nani atazisoma?" Mchapaji akauliza. "Mchwa?"

"Mama, ndizo za kisasa."

"Za kisasa ni zile zinazomfanya mtu mzima wa Ipyana aelewe harusi ni Jumamosi bila kumwita mjukuu. Chagua nyingine, au nenda kwa wanaopenda pesa."

Kijana alichagua nyingine. Wengi walichagua nyingine. Walilalamika hadi kwenye kona ya barabara, na wiki iliyofuata walirudi, kwa sababu kazi yake ilisomeka.

Jambo alilorudia mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: faili halibebi herufi, linabeba ombi tu. Nilimwelewa siku mwalimu mmoja alipoleta mtihani kwenye flashi. Huko alikouandikia alitumia herufi ambazo Mchapaji hakuwa nazo; kompyuta ikaweka nyingine za mapambo, zisizo na alama ya kuuliza, na kila swali likaishia na kisanduku kitupu.

"Wanafunzi watadhani ni pa kuweka tiki," mwalimu akasema, jasho linamtoka.

"Watakuwa wamejibu maswali yote kwa dakika moja. Mwalimu, ukitoka na faili, toka na herufi zake pia. Au lifunge kabisa, herufi zikae ndani. Vinginevyo unafika ugenini na barua inayosema 'nipeni ile nguo yangu ya bluu', na wenyeji hawana ya bluu, wanakuvika waliyo nayo."

Sasa nirudi kwenye zile herufi pana.

Alizikuta kwenye kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mwenye mali wa kwanza alizisahau humo, pamoja na karatasi ya ruhusa inayosema aliyezitengeneza amezitoa bure kwa yeyote. Mchapaji aliisoma ruhusa hiyo mara mbili kwa kamusi. Alizipenda siku ile ile. Aliniambia alizitazama akaona harusi: majina mawili, nafasi kati yake, miguu imesimama pamoja. Akaziweka tayari. Akachapa kadi ya mfano yenye maua pembeni, akaibandika mlangoni, akasubiri maharusi.

Mteja wa kwanza aliyeingia alikuwa amefiwa na mama yake. Alikuwa na haraka, macho yamevimba, akanyoosha kidole kwenye ile kadi ya mfano na kusema, "Niandikie kwa hizo, mama, zinasomeka." Mchapaji angemwambiaje? Akaandika. Karatasi ikabandikwa, wazee wakaisoma bila miwani, na aliyefiwa wiki iliyofuata akaomba kama ile. Kisha mwingine. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na mtu aliyekuwa akichagua. Walisema "zile za msiba", naye alikuwa anajua.

"Nilizilea kwa ajili ya ngoma," aliniambia, "zikaajiriwa makaburini."

Hilo ndilo lilikuwa donda lake. Mtu angedhani ni jambo dogo, herufi tu. Lakini mwanamke huyu hakuweza kupita barabarani na karatasi mkononi bila watu kunyamaza. Alipompelekea jirani yake risiti ya sare za shule, jirani aliona karatasi, akaanza kulia. Kitu alichokitaka, na alikitaka kwa miaka yote niliyomjua, ni kuziona herufi zile zimesimama kwenye jambo moja la furaha na mtu asiogope. Aliniambia wazi kwamba akifa kabla ya kuliona hilo, atakuwa ameacha kitu chema kikiwa kimefungwa mahali pasipostahili.

Alijaribu mara moja kwa nguvu. Familia moja ya Ipyana ilimwachia achague herufi za kadi za harusi, na yeye akachagua. Kadi hamsini. Zilikuwa nzuri, niliziona, zina rangi ya ndizi mbivu na ukingo wa dhahabu. Kadi ya kwanza ilimfikia shangazi wa bwana harusi. Shangazi alitoa karatasi nusu kwenye bahasha, akaona herufi, na hakusubiri nusu ya pili. Akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, na kwa kuwa hakuna anayemkatiza anayelia ili kumwuliza analilia nini, wakalia naye. Kufikia saa sita mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imeshushwa uani, masufuria yameazimwa, na wanaume wawili walikuwa wameanza kujadiliana mahali pa kuchimba. Bwana harusi mwenyewe alipita kwa pikipiki, akaona watu, akashuka akilia, akauliza ni nani.

Ilikuwa ni yeye.

Kadi arobaini na tisa zilirudishwa asubuhi iliyofuata. Nilizihesabu mimi, mara mbili. Ya hamsini shangazi alikuwa ameichoma.

"Sasa mama," baba wa bwana harusi alimwuliza, "sisi tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea. Si zimeandikwa harusi? Someni!"

"Tumesoma. Tumesoma baada ya kulia."

Alichapa zote upya kwa herufi nyingine, hakutoza kitu. Tangu siku hiyo nikaona jambo ambalo sijui kama mwenyewe aliliona. Alikuwa akisema kila siku kwamba herufi haina kosa, ni umbo tu, ni wino tu. Lakini jina la mtu aliye hai hakuliweka tena kwenye herufi zile. Nikimwambia, "Andika langu basi, tuone," alikuwa anacheka, anaelekeza mshale kwenye skrini, kisha anakumbuka kwamba printa inataka wino.

Na mimi sikusisitiza. Niseme ukweli, nilishukuru.

Kwa miaka kadhaa aliniomba kibao cha biashara. "Wewe huna woga, unabishana hata na mawimbi. Nipe kazi ya kibao chako cha Lyulilo. Nitakuandikia kwa herufi zile, bure."

"Mama, bure ya namna hiyo ni ghali. Nani atanunua chungu kwenye meza ya msiba?"

"Nitakuongezea kalenda."

"Kalenda mbili."

"Mbili."

"Hapana, mama, natania. Siwezi."

Biashara hiyo tuliifanya mwaka hadi mwaka, na ilikuwa ikikatikia hapo. Nilifikiri ni mchezo wetu. Kisha magoti yake yakagoma kupanda ngazi ya dukani, macho yakaanza kuona herufi kwa pembeni tu, na siku moja nikamkuta anakunja nyaya na kufungasha. Anahamia Ikombe kwa dada yake. Kompyuta ilikuwa imeshaanza kuzima yenyewe katikati ya kazi. Aliiwasha mara tatu ndipo ikakubali.

Alikuwa amefungua folda ya herufi. Hakuwa anachambua. Alikuwa anazitazama tu, zinapita moja baada ya nyingine, na mwanga wake ulikuwa unambadilikia usoni kama maji yanavyobadilika wingu likipita.

"Niandikie kibao," nikasema.

Hakugeuka. "Unataka kalenda ngapi?"

"Sitaki kalenda. Andika 'Vyungu vya Ikombe'. Chini yake weka jina langu."

Hapo aligeuka. "Jina niliweke kwa herufi nyingine?"

"Kwa zile zile."

Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi muda mrefu. Mimi nilijifanya kutazama nje, kwenye maturubai ya kakao, ila nilikuwa nasikiliza. Herufi moja ya jina langu ikalia. Baadaye ya pili. Nina herufi kumi na nne kwa majina yote mawili, na nilizisikia zote.

Bango kubwa linachapwa Mbeya, hivyo nilipanda gari na flashi mfukoni. Nilirudi na bango safi, limeandikwa vizuri, kwa herufi za kawaida kabisa, zile za kwenye kila ofisi. Mchapaji alilitandaza sakafuni, akaliinamia.

"Umewapa faili?" akauliza.

"Nimewapa."

"Faili tu?"

Nikakumbuka yule mwalimu wa visanduku. Nilikuwa nimefika ugenini na ombi langu, wakanivika waliyo nayo. Miaka yote ile nikimsikia, na bado.

"Ningeweza kuliacha hivi," nikamwambia. "Linasomeka."

"Unaweza," akasema, kwa sauti ndogo. Nadhani alikuwa akinifungulia mlango nitoke.

Nikamrudishia flashi. Akaingia kwenye folda, akanakili faili la herufi zenyewe na karatasi yake ya ruhusa, kisha akanipa maagizo akihesabu vidoleni. "Fundi azisakinishe kwanza. Akishamaliza, afunge ile programu yake na kuifungua upya, maana programu iliyoamka kabla ya mgeni kuingia haimwoni mgeni. Atakwambia anajua. Simama nyuma ya kiti chake."

Nilisimama nyuma ya kiti. Fundi aliniambia anajua. Hakufunga, herufi hazikuonekana, akasema faili ni bovu. Nikamwambia afunge, afungue tena. Alinitazama mimi na malapa yangu, akafunga, akafungua. Zikatokea, pana, zimesimama kwa miguu yao, na jina langu katikati. Nikarudi nyuma hatua moja, kwa nini nifiche.

Miezi ya kwanza pale Lyulilo ilikuwa kichekesho kwa kila mtu isipokuwa mwenye meza. Watu walikuwa wakishuka kwenye mitumbwi, wanaona bango, wanapunguza sauti. Mzee mmoja alinipa mkono wa pole na kuniuliza marehemu alikuwa mgonjwa muda gani. Nikamwambia marehemu ni mimi, ila vyungu bado vipo. Hakununua. Mama mkwe wangu alisafiri kutoka Ipyana kuja kunitazama kwa macho yake, akanishika mashavu, akasema, "Shusha hilo jina, baba, shusha." Sikulishusha. Vyungu nilivyokuwa nikiuza kwa wiki vikawa vinachukua wiki mbili. Nililihesabu hilo pia.

Halafu watu wakanizoea. Sijui ni lini. Mtu mwenye kubishania bei kwa nguvu zote hawezi kuonekana marehemu kwa muda mrefu.

Mchapaji alikuja mwaka wa pili wa bango. Nilikuwa nikimsalimia Ikombe nikifuata vyungu, lakini tangu ahamie huko alikuwa anaogopa kupanda mtumbwi tena, na siku hiyo aliamua. Ziwa lilikuwa limelala. Mbali, kule katikati ya maji, nzi wa ziwani walikuwa wameinuka kama nguzo ya moshi isiyo na moto, inatembea polepole. Akina mama wawili walimshika mkono kumshusha, akaja akiburuta kanga yake mchangani hadi mezani pangu, na akasimama chini ya bango. Kwa macho yale sijui aliliona kwa kiasi gani. Alinyoosha mkono akagusa herufi ya mwisho ya jina langu.

"Hujafa," akasema.

"Bado, mama. Mugonile."

"Ndaga."

Nikampa kreti la kukalia. Mzee mmoja wa rika lake akapita, akaona bango, na kofia ikatoka kichwani yenyewe. Mchapaji alisikia hatua zimepungua, akainamisha uso.

Kisha akaja binti mmoja, ana kama miaka ishirini, na mchumba wake nyuma amebeba godoro jipya. Alichukua chungu, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akakirudisha, akachukua kingine. Akauliza bei. Nikamtajia. Akacheka kwa dharau nzuri kabisa.

"Bei hiyo labda ni ya bango," akasema.

"Mwanangu," Mchapaji akamwita kutoka kwenye kreti. "Hilo bango. Herufi zake unazionaje?"

Binti akainua macho. Akazitazama kwa dakika nzima, akijaribu kuona kitu ambacho yule bibi alitaka akione. "Ziko sawa tu, bibi. Kubwa."

"Zinakuambia nini?"

"Vyungu vya Ikombe," binti akasoma, na akasoma na jina langu kwa kituo, kama anavyoitwa mtu aliye mbele yako. Akamgeukia mchumba wake, akainua mabega.

Mchapaji alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa magotini, vidole vinagonga kimoja kimoja.

"Soma tena," akamwambia.

"Bibi, mtumbwi unatuacha!"

"Soma."

Basi binti akasoma tena, upesi upesi, chungu kimeshakaa kwapani, anacheka, huku akirudi kinyumenyume kuelekea majini.